Jina la Kampuni Iliyolala

Kidole changu kilikataliwa siku ya Jumanne, mbele ya watu wote. Nilikibonyeza mara tatu kwenye mashine ya duka la mgao, nikakipangusa kwa pindo la sari, nikakibonyeza tena. Chunilal mwenye duka alitazama kioo kidogo, akanitazama mimi, akachekea puani. Akasema mashine imeandika kwamba mimi ni mwenye kampuni, na wenye makampuni hawali ngano ya serikali. Foleni nzima ikasikia. Mwanamke mmoja wa mtaa wa wafinyanzi akaniuliza dereva wangu ameegesha wapi gari.

Ngano ningeivumilia. Nimefunga siku nyingi katika maisha yangu na sijawahi kumlalamikia Mungu kwa njaa. Lakini kadi hiyohiyo ya mgao ndiyo iliyokuwa ikimsafishia damu binti yangu.

Hemlata ana miaka ishirini na sita. Figo zake zilikufa akiwa kwa mumewe, na mumewe akamrudisha kwangu pamoja na sanduku lake la harusi, akasema atakuja kumchukua akishapona. Tangu hapo, kila Jumatatu na kila Alhamisi, tunapanda basi la asubuhi kwenda hospitali ya wilaya. Anafungwa kwenye mashine kwa muda wa saa nne, mimi nakaa sakafuni nje ya mlango nikihesabu shanga za sala. Alhamisi ile karani wa hospitali aliiangalia kadi yetu, akasema imefungwa. Hakuwa mtu mbaya. Alikwenda ndani kutuombea, akarudi na kusema watatupokea kwa wiki sita. Baada ya hapo tulipe wenyewe au tubaki nyumbani. Kubaki nyumbani, daktari alikuwa amekwisha kunieleza, ni siku kumi, labda kumi na mbili.

Katika ofisi ya mgao walinipa njia moja tu. Niifunge kampuni, nilete risiti ya msajili yenye namba ya maombi, nao wataifungua kadi.

Kampuni yenyewe nilikuwa nimeisahau. Sisi ni mafundi seremala, ukoo mzima. Mume wangu, baba yake Hemlata, na kaka yake mkubwa walikuwa wakichonga pembea za mbao, zile kubwa zinazoning'inizwa sebuleni kwa minyororo ya shaba. Hoteli moja ya Udaipur ilizipenda, lakini ikasema inanunua kwa waliosajiliwa tu. Basi mhasibu wa mjini, Bwana Ostwal, akawaandikia ubia, ule ambao biashara ikianguka mbia haanguki na nyumba yake. Wabia tulikuwa watatu, wale ndugu wawili na mimi. Mimi niliingizwa kwa sababu baba yake Hemlata alisema jina la mwanamke kwenye karatasi lina baraka. Nilitia sahihi nikiwa na unga mikononi, nikarudi jikoni.

Waliuza pembea kumi na moja. Alipokuwa akifunga ndoano ya ile ya kumi na mbili, baba yake Hemlata alianguka kutoka kwenye ngazi ya hoteli, na siku ya tatu akafariki. Hiyo ni miaka sita sasa. Tangu siku ile kampuni haijauza hata kigingi.

Nikamwambia hayo Bwana Ostwal. Alinisikiliza huku akimenya karanga.

"Mama yake Hemlata," akasema, "marehemu mlimchoma, lakini kampuni yake hamkuifanyia mazishi. Imelala tu. Na serikali haijui mtu aliyelala, inajua aliye hai na aliyekufa. Kwenye kompyuta yao wewe ni tajiri mpaka leo."

Akanieleza kazi iliyokuwa mbele. Ripoti za nyuma zijazwe pamoja na faini zake. Kwa hilo niliacha mezani kwake vikuku vyangu vya fedha, na tukamalizana. Akaunti ya benki ilikuwa imeshakufa yenyewe. Yaliyobaki yalikuwa mawili. La kwanza, kila mbia aliyebaki ale kiapo na kukubali kwa maandishi kwamba jina la ubia lifutwe daftarini. La pili, kila mmoja awe na sahihi ya kompyuta, na sahihi hiyo haitolewi mpaka ujirekodi kwenye kamera, uso wazi, ukitaja kwa sauti jina lako, jina la mumeo, na jina la ubia.

Akasema hayo kama mtu anayekuambia unywe maji.

Kwetu mke halitamki jina la mumewe. Kila mara ukilitamka unampunguzia siku. Mama yangu aliishi na baba miaka hamsini, na karani wa sensa alipomuuliza jina la mume, alimwonyesha mwezi kwa kidole mpaka karani akaelewa Chandmal, maana chand ni mwezi. Mimi nilikuwa mke miaka ishirini na minne na mjane miaka sita, na jina lile halijapata kupita kinywani mwangu, hata katika sala. Na ubia nao waliupa jina hilohilo, pamoja na neno Ndugu. Ndiyo maana kila ofisi niliyoingia nilikuwa nikiitaja kampuni kwa kuonyesha karatasi.

Nilijirekodi mara ya kwanza nikiwa nimeshusha ushungi hadi mdomoni, maana ofisini walikuwamo wanaume wanaomjua shemeji yangu. Siku nne baadaye jibu likaja: uso hauonekani. Mara ya pili nilifunua uso. Kamera iliponiuliza jina la mume, nikasema, "Baba yake Hemlata." Bwana Ostwal akanikumbusha kwamba kompyuta haimjui Hemlata. Nikaomba kalamu, nikaliandika jina kwa herufi kubwa kama nilivyofundishwa darasa la nne, nikaishika karatasi mbele ya kamera. Siku tano nyingine. Likaja jibu: haikusikika sauti.

"Mara ya tatu wakikukataa, unafungiwa siku tisini," Bwana Ostwal akaniambia. Safari hii hakuwa anamenya karanga. "Mama, yeye hana tena siku za kupunguziwa. Unamwogopea nini?"

Najua alisema kweli. Lakini kuna vitu mtu anavishika kwa sababu ndivyo pekee alivyobakiwa navyo vya yule aliyekwenda. Sikuwa na picha yake nzuri. Nilikuwa na kule kutomtaja.

Nikasema moyoni kwamba tuanze na lile lingine, sahihi ya shemeji. Huko ndiko nilikodhani ni kwepesi.

Shemeji mkubwa tunaishi naye ua mmoja. Karakana na chumba chake viko upande wa mashariki, sisi upande wa magharibi, katikati kuna mrihani ninaoumwagilia kila asubuhi na ndama amefungwa kwenye kigingi. Kaka mkubwa wa mume hatumwonyeshi uso wala hatusemi naye. Kwa miaka thelathini sijamwambia neno moja, na kwa miaka hiyo hajakosa kukohoa mlangoni kabla ya kuingia ili nipate kushusha ushungi. Mkewe ndiye aliyekuwa akibeba maneno yetu huku na huku. Mkewe alipofariki, Hemlata akawa anayabeba. Lakini haya hayakuwa maneno ya kumbebesha Hemlata.

Basi nikasimama kando ya ndama, mgongo kwa karakana, nikaanza kumsemesha. Nikamweleza ndama habari ya kadi, ya karatasi za Bwana Ostwal, ya kiapo kinachohitaji wabia wote wawili. Nilisikia tezo ikiendelea kuchonga. Nilipomaliza, tezo ikanyamaza kidogo.

"Mwambie mama yake Hemlata," shemeji akamwambia ndama, "mkono wangu unauma. Hauwezi kalamu."

Tezo ikaendelea, na mkono ule ule.

Siku iliyofuata nikarudi. Mkono bado ulikuwa unauma. Siku ya tatu akamwambia ndama kwamba yeye si mtu wa karatasi. Wiki ya tatu ikaisha hivyo, na ya nne. Nikaanza kumchukia, na nikamwomba Mungu aniondolee chuki ile maana nilikuwa nikimpikia mtu huyo mikate ya mahindi kila jioni. Sikumwekea chumvi pungufu. Ila niliwaza kuiweka pungufu.

Hemlata akaanza kuvimba. Kulikuwa na mgomo wa mabasi, tukakosa Jumatatu moja, na kufikia Jumatano vidole vyake vya miguu vilikuwa havionekani mifupa na alikuwa analala ameketi. Alikuwa akiongea kwa vipande. Aliniambia kipande kwa kipande kwamba asingependa kufia kwenye basi, kwa sababu kondakta atadai nauli ya mzigo. Alicheka, nami nikacheka, kisha nikaenda nyuma ya ghala la majani nikauma ushungi wangu.

Siku ya giza la mwezi ikafika. Siku hiyo mafundi wetu hawashiki kazi. Wanasafisha vyombo vyao na kuvipaka mafuta. Nilikuwa nachuja mtindi, na kutoka ndani ya ushungi naona zaidi ya watu wanavyodhani. Shemeji alitoa patasi zake akazifuta haraka haraka. Kisha akatoa zile za mdogo wake, akazipanga juu ya kitambaa chekundu kwa ukubwa, akazipaka mafuta moja moja mpaka kwenye mipini. Halafu akachukua ngazi. Juu ya mlango wa karakana bado kuna ubao wa msaji wenye jina la kampuni, alilolichonga baba yake Hemlata mwenyewe. Shemeji ana miaka sitini na minane. Alipanda ngazi ile, akaingiza ncha ya kitambaa ndani ya kila herufi, akatoa vumbi. Alichukua muda mrefu kuliko patasi zote. Aliposhuka, midomo yake ilikuwa inatembea. Alikuwa akilisoma.

Nikaelewa. Mkono haukuwa unauma hata kidogo.

Nikaenda kwa ndama.

"Mwambie shemeji," nikasema, "imebaki wiki moja. Mwambie sikumwomba mkono wake kwa ajili ya ngano."

Alibaki ameshika ngazi.

"Mwambie mama yake Hemlata," akasema, "karatasi nimesomewa. Imeandikwa jina lifutwe. Mdogo wangu hakuwa na mtoto wa kiume, moto wa mazishi yake niliuwasha mimi. Sasa wananiambia nimwashie wa pili, kwa kalamu."

"Mwambie kwamba Hemlata ni mtoto wa mdogo wake pia."

"Binti ni wa nyumba nyingine."

"Hiyo nyumba nyingine imemrudisha na sanduku," nikamwambia ndama. Nikashika kamba yake. "Mwambie atazame kile kitanda cha kamba pale barazani. Yule aliyeketi akihema ndiye kinywa pekee cha damu yake kilichobaki. Akiondoka, ubao usomwe na nani?"

Hemlata barazani alikuwa amefumba macho. Sijui kama alikuwa anasikia.

Shemeji akasema taratibu sana. "Mimi ni mzee. Mke wangu hakuniachia mtoto. Nikifa na yule akifa, na daftarini limefutwa, katika ua huu jina la ndugu yangu litatajwa na nani? Na wewe?"

Ndama alikuwa akitafuna pindo la sari yangu. Wote wawili tulijua aliyeulizwa si yeye.

Ningeweza kuapa kwa Mungu wangu kwamba sikupanga. Nilifungua kinywa nikitaka kumsemesha ndama tena, na kilichotoka kilikuwa kidogo, kikavu, kama sauti ya bibi harusi anayeulizwa na makuhani.

"Udailal," nikasema.

Ngazi ikagonga ukuta.

Nilingoja kitu kitokee. Mrihani ulikuwa palepale. Kunguru walikuwa juu ya ghala. Nikalisema tena, na mara ya pili lilikuwa na uzito mwingine, likanijaza kinywa. Nikamwona akiingia na msumeno begani, akivua viatu, akiuliza kuna nini cha kula. Miaka sita nilikuwa nikimkumbuka mtu asiye na jina, na sasa alikuwa amesimama uani. Machozi yalianguka ndani ya ushungi, ambako hakuna ayaonaye.

Nyuma yangu shemeji alikuwa amekaa chini, juu ya vumbi la mbao.

"Sema tena," akasema. Hakumwambia ndama.

"Udailal. Nitalisema kila siku, shemeji. Asubuhi nikimwagilia mrihani nitalisema. Tia sahihi."

Hilo ndilo lilikuwa neno langu la kwanza kwake katika miaka thelathini, na lilikuwa la amri. Baadaye niliona aibu. Wakati ule sikuiona.

Kesho yake alinitangulia kwa Bwana Ostwal. Nilimkuta ameketi kwenye benchi, amevaa kilemba cha harusi, na ofisi haijafunguliwa. Alitia sahihi viapo vyake, akarekodiwa, na yake ilipita mara moja. Ikafika zamu yangu, na ilikuwa ile mara ya tatu, ya mwisho. Chumba ni kimoja na kamera inataka uso. Bwana Ostwal alitazama huku na huku, akamwambia shemeji, Mzee Mangilal, atoke nje kidogo. Shemeji hakutoka. Aliinua kiti chake, akakigeuza, akaketi ameelekea ukutani, pua yake karibu iguse kalenda.

"Aseme," akasema. "Mimi nipo hapa nasikia."

Nikafunua uso. Nikasema mimi ni Sohan Bai, mjane wa Udailal mwana wa Nathulal, mbia katika ubia wa Udailal na Ndugu, na ninaomba jina hili lifutwe. Sikukwama popote. Mgongo wa shemeji ulikuwa unatikisika, lakini kamera ilikuwa inanitazama mimi.

Fomu ilikuwa na nafasi ya kuandika sababu ya kufunga. Bwana Ostwal alizoea kuandika kwamba biashara haikuendelea. Shemeji, bado anatazama ukuta, akamwambia aandike kwamba mmoja wetu amefariki. Bwana Ostwal akasema si sababu ya kisheria. Shemeji akasema aandike hivyo hivyo, kisha aongeze na hiyo yake. Yakaandikwa yote mawili.

Sahihi yangu ilipita siku ya tano. Risiti ikatoka Ijumaa jioni, ofisi ya mgao imefungwa. Jumamosi imefungwa. Jumapili imefungwa. Wiki ya sita ilikuwa imekwisha Alhamisi, na hospitali ilitimiza neno lake, siku hiyo hawakumpokea. Sitasimulia siku zile tatu. Tulimwegemeza Hemlata kwenye magunia ya vumbi la mbao, shemeji upande mmoja na mimi upande mwingine, nimejifunika, tukimpepea. Kila alipokuwa anasinzia sana nilimwita, na shemeji alimwita, na kila mmoja wetu alimwambia Mungu jambo ambalo mwenzake hakulisikia.

Jumatatu nilikuwa mlangoni pa ofisi ya mgao kabla ya mfagiaji. Saa nne na robo kadi ikafunguliwa. Saa sita kasoro robo tulikuwa hospitali, kwa gari la maziwa alilolikodi shemeji.

Karani alikuwa mgeni, si yule wa huruma. Akasema kwa kuwa kadi ilifungwa inabidi aanze kumwandika mgonjwa upya. Hakuinua macho.

"Jina la mgonjwa?"

Nikamwambia.

"Jina la baba?"

Siku zote hapa ndipo Hemlata alipokuwa akijibu mwenyewe, hata akiwa hoi, kwa sababu alijua mama yake hawezi. Alikuwa kwenye kiti cha magurudumu, amefumba macho, na niliona anakusanya pumzi. Midomo ikafunguka.

"Udailal," nikasema mimi. "Mwana wa Nathulal. Fundi pembea."

Hemlata akafumbua macho akanitazama, kwa muda mrefu, kama mtu anayemtazama mtu mwingine. Karani aliandika, akagonga muhuri, akatuonyesha mlango wa mashine.